Pipa Lililonyamaza

Shamba la Duinerus,
Karibu na Elandsbaai.
Jumapili, 20 Machi 2011

Mpendwa Dada Roslin,

Pokea salamu zetu za huku kwenye mchanga na upepo. U hali gani huko Perth? Magoti yamepoa? Sisi wazima wa mwili, ila roho yangu imekuwa juujuu wiki nzima.

Kaka Apools anataka mizabibu ya Baba ing'olewe, tupande viazi. Ndiyo ile mifupi inayosimama yenyewe bila kutambazwa kwenye waya, aliyoipanda Baba mwaka uliozaliwa wewe. Anasema imezeeka, inazaa kiganja tu. Kwa kuwa shamba ni letu sote watatu, akaandika karatasi ya kibali, akasaini. Mimi nikagoma. Mwisho tukapatana: nitengeneze mvinyo mweupe wa mavuno haya kwa mkono wangu. Mvinyo ukiharibika, nasaini, trekta la kuing'oa linakuja Jumamosi ya tarehe 19, nawe nakutumia karatasi usaini baadaye.

Tulipata pipa moja tu. Siku tisa lilichemka lenyewe bila hamira, kama enzi za Baba. Siku ya kumi joto likazidi, nami kwa kiherehere changu nikaacha wazi mlango wa upande wa bahari, eti pipa lipate hewa. Mtoto wa hapa hapa, nisijue ukungu wetu ulivyo baridi! Asubuhi nikaweka sikio kwenye pipa nisikie mapovu. Kimya. Mvinyo umelala ungali mtamu kama juisi, na mnunuzi wa Cape Town anautaka mkavu, usiobaki na sukari. Nililia, sikufichi.

Apools akasimama mlangoni. "Fytjie, umemuua mgonjwa kwa kumpepea."

"Hajafa!"

"Basi mwamshe. Una mpaka Jumamosi."

Nikafunga mlango, nikalifunika pipa kwa blanketi la Mama la mistari, nikalizungushia chupa za maji ya moto na kuzibadilisha kutwa. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Jumatano na Alhamisi vilevile. Kila akipita Apools anauliza, "Marehemu hajambo?" Weee! Nilitamani kumrushia chupa.

Ijumaa nilitoka jikoni na birika, nikamkuta amepiga magoti kando ya pipa. Kofia mkononi, sikio kwenye ubao, macho ameyafumba.

"Kaka, unafanya nini?"

"Shhh! Punguza domo, sikiliza."

Nikaweka sikio upande wa pili. Tik. Kimya kirefu, mpaka nikaanza kuomba. Kisha tik, tik, tik. Tulitazamana juu ya blanketi la Mama, na machozi yalikuwa yakimtoka yule mzee mkaidi.

Jana trekta lilikuja kama lilivyoagizwa. Apools akamwambia dereva aende zake, hapa hakuna kazi. Mnunuzi hajaonja bado, na mimi bado silali vizuri.

Shangazi Katriena anakusalimu sana, na binamu Lodewyk anauliza lini utamtumia picha. Mungu akushike mkono huko ugenini.

Ile karatasi ya kibali usiitafute kwenye bahasha. Pipa lilikuwa linayumba, naye Apools akaikunja mara nne, akaisokomeza chini yake.

Mdogo wako akupendaye daima,
Fytjie