Safu ya Sita

Mdogo wangu Hector,

Salamu nyingi kutoka huku kisiwani. Natumaini baridi ya Alberta haijakugandisha kambini, na kwamba mgongo wako umepona. Sisi ni wazima, ila Mama hali chakula vizuri tangu wiki iliyopita, na sababu utaielewa ukimaliza kunisoma.

Ile simu ya hospitali uliyowasikilizisha wenzako ukaturushia na sisi, mji mzima umeisikia. Unajua akina Hector MacNeil walivyojaa hapa. Ndiyo maana mashine yetu ya kukumbusha watu miadi hutaja na jina la mama, asije akapimwa Hector mwingine. Kwako ikasema wewe ni mwana wa Peggy Surette. Ukampigia Mama ukicheka kwamba umepata mama mpya, yule dereva wa basi la shule mliyemwita Bibi Breki, na kwamba ukija Krismasi utamdai zawadi zote za nyuma. Mama akasingizia mtandao, akakata simu.

Ukaniuliza mimi, ninayeitunza mashine hiyo, nalipwa mshahara wa nini. Haki yako. Habari za wagonjwa hukaa kwenye jedwali lenye safu, na kila safu ina jina lake. Mzee Murdoch, aliyeandika ile programu kabla yangu, hakuiambia itafute safu ya mama kwa jina. Aliiambia isome safu ya sita, basi. Mwezi huu wenye mfumo wakachomeka safu mpya katikati, wakaijaza kutoka kumbukumbu za zamani. Ya mama ikasogea hadi ya saba, na mashine ikaendelea kusoma ya sita kama ilivyozoea. Kuirekebisha hakukunichukua hata muda wa kumaliza chai. Simu zilizokwisha kupigwa ndizo siwezi kuzirudisha, na hilo linaniuma.

Mama ameniagiza hivi: "Mwambie mashine iliharibika, yaishe." Nimejaribu kuandika hivyo, nimeshindwa. Juzi Peggy alikuja dirishani kwangu hospitalini, bado amevaa koti la kazi. Nilidhani amekuja kulalamika kwamba jina lake linachezewa. Akauliza neno moja tu: "Alicheka?" Nikamdanganya kwamba sijui.

Hector, wengine wote waliopigiwa siku ile walisikia kimya pale jina la mama lilipotakiwa, maana kwao safu ile mpya ni tupu. Ni ya mama aliyemzaa mtu, kama si yule aliyemlea. Nilimwuliza Mama jikoni. Hakukana, aliendelea tu kumenya viazi. Mashine ilikosea safu, jina ilipatia.

Mama hajui nimekuandikia haya, lakini anakusalimu kama kawaida, na amekufumia soksi. Peggy hakutuma salamu. Hakuthubutu. Mimi sijui hata nikushauri nini, ila ukija Krismasi, nakuomba, usimtanie.

Ni mimi dada yako, leo kama jana,

Effie