Giaboksi ya Pikipiki Yako, Mama

Mpendwa mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani kwetu Maguu, mikono bado inanuka oili. Pikipiki yako inatembea. Najua ungeniuliza habari za baba kwanza, lakini huwezi kuzielewa habari zake bila kuanza na pikipiki.

Unakumbuka ilivyokwama? Tulikuwa tunatoka Liuli, kule ziwani, kumzika bibi, mimi nyuma yako. Katikati ya mlima gia ya pili ikalia kama mtu anayesaga mawe, tairi la nyuma likagoma kuzunguka. Ulishuka, ukavua kitenge cha msiba, ukakifunga kichwani. "Shika nyuma, Batilda, tuinyanyue tuiweke kando." Tulipokaa kusubiri lori ndipo uliponiambia, "Nikifa mimi, mnilaze pale pale, kwa mama." Nilikujibu, "Mama, acha maneno hayo." Baadaye nilijua ulikwisha kumwambia mama mdogo, na padre pia.

Ulipofariki, baba hakutaka kusikia. "Mke wangu atalala hapa, kwenye shamba alilolima." Wajomba walipanda kutoka ziwani, wakazungumza naye kwa upole. Padre akathibitisha maneno yako. Mwishoni baba alisema, "Mchukueni." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Jeneza lilitoka, gari likaondoka, yeye hakutoka. Watu walinong'ona sana, mama. Mimi nilikuzika nikiwa na uchungu wa watu wawili.

Tangu siku hiyo hakulitaja jina lako. Nikitaja safari ya kaburini, alisimama akaenda kuangalia mibuni.

Tulipomaliza kuanika kahawa nikaitoa pikipiki stoo, chini ya magunia. Ndiyo ile ile ya misheni, kuukuu kuliko mimi, uliyoipanda kwenda kuzalisha wanawake wa milimani miaka yote ya uuguzi wako. Baba akasema, "Acha hilo chuma, binti yangu. Wanunuzi wa vyuma chakavu watapita." Nikatandika gunia uani, nikaimwaga oili, nikaifungua giaboksi. Kila kipande nilikipanga kwa mfuatano kilivyotoka, kama ulivyonifundisha: "Kilichotoka mwisho kiingie kwanza."

Nilikuta gia ya pili imevunjika meno. Jino moja lilikuwa limejibana katikati ya gia nyingine, na kile chuma chenye umbo la uma kinachozisukuma gia kilikuwa kimepinda. Beringi mbili zilikuwa zimekwisha kabisa.

Baba alisogea, akaiokota ile gia. Aliigeuzageuza.

"Ndicho kilichomkwamisha mlimani?"

"Ndicho, baba."

Akavuta kigoda, akamimina mafuta ya taa kwenye beseni, akaanza kusugua vyuma kimoja kimoja. Nilijifanya sioni, maana ningelia.

Beringi nilizipata Mbinga mjini. Gia haikupatikana popote. Nikaambiwa Kingerikiti kuna katekista mstaafu mwenye pikipiki ya aina ile ile, imekufa injini. Nilimwamkia, nikajitambulisha. Mzee akanikatisha. "Wewe ni mtoto wa sista mkunga? Wanangu wote walipokelewa na mikono yake. Fungua, mama, chukua unachohitaji."

Mara ya kwanza nilipoifunga, gia zilikataa kuingia. Nilikaa chini nikasema basi, imenishinda. Baba ndiye aliyeniambia, "Fungua tena. Mama yako asingeiacha." Mama, alikutaja! Nikafungua. Washa moja, kile kipete chembamba cha chuma, nilikuwa nimeiweka upande usio wake. Tukairekebisha, baba akakata gasketi mpya ya kuzuia oili isivuje, kwa kisu kutoka kwenye boksi gumu, tukaifunga. Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, ndipo ikawaka. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zikaingia.

Nilirudi kutoka kuijaribu nikamkuta baba amesimama njiani, amevaa koti lake la kanisani.

"Twende ziwani," alisema.

Njia nzima alinishika kiunoni. Tulipofika, mama mdogo alitoka mbio jikoni, mikono ina unga, akaishia kusimama tu. "Shikamoo, shemeji." Baba aliitikia, akaomba aonyeshwe ulipo.

Alivua kofia. Alipiga magoti kwenye mchanga, akaanza kung'oa majani, akakwambia, "Mama Batilda, nimechelewa. Nilidhani wameninyang'anya wewe. Kumbe mtu akifa anamtaka mama yake, kama mtoto." Halafu alilia, mama. Alilia kilio ambacho tulikitegemea siku ya msiba. Mama mdogo alitaka kumsogelea, nikamshika mkono tukamwacha.

Jioni tulikula ugali kwa usipa, dagaa wa ziwani. Nilipojiandaa kuondoka asubuhi, baba alisema nitangulie. Ameomba wajomba wamsaidie kukujengea kaburi kwa matofali, na hataki kuisimamia kazi hiyo kutoka mbali. Nilipopiga simu jana, mama mdogo alinicheka: "Baba yako? Yupo na ndoo ya saruji, anagombana na mafundi. Kasema hapandi huko mpaka liwe zuri."

Basi nimekuazima mume wako, mama. Kahawa nitaipalilia mwenyewe. Lala salama, na usimharakishe.

Mimi mwanao wa kwanza,
Batilda