Mzigo wa Mabua ya Pamba

Mayu, mama yangu,

Mpaka leo mlango wa jikoni ukilia nageuka. Ulikuwa mzima! Ulikuwa unapepeta mtama, ukaniambia, "Kabula, niletee ungo ule mwingine," na niliporudi nao ulikuwa umelala ubavu, mtama umekumwagikia mkononi. Ungo huo bado sijautumia.

Siku ya mazishi yako nilifanya jambo, na hukuwepo kunigombeza.

Kabla ya saa sita watu walikuwa wamejaa uani, na kuni hakuna. Nikatoa shoka lako mvunguni mwa kitanda, nikampa baba mkubwa aende ngitili. Ndiyo, ngitili yetu, msitu wa akiba ambao ninyi wanawake mliufunga wakati ule tulipokuwa tunapikia mavi ya ng'ombe. Mlikubaliana shoka lisiingie, iwe harusi, iwe msiba. Nilijua. Lakini nilijiambia, huyu ndiye aliyeulinda, nani atamnyima?

Alikunyima jirani yetu, mama Holo. Nilikuwa nyuma ya baba mkubwa, ameshaupiga mti mmoja pigo moja, mama huyo akatokea kwenye njia ya ng'ombe, mikono kiunoni.

"Shemeji, rudisha shoka."

"Hata kwa msiba wake mwenyewe?"

"Hasa huu. Tukikata leo, wale wachoma mkaa nao watafiwa kila siku."

Nikakumbuka nilivyosimuliwa, mayu, kwamba alipofiwa na mumewe ulimkatalia mti wa ngitili hiyo hiyo, akatoka kwetu analia. Nikajua analipiza. Nilimwambia neno ambalo siwezi kukuandikia. Akaondoka.

Mchana alirudi na mzigo wa mabua ya pamba kichwani, yale tunayong'oa shambani baada ya mavuno. Nyuma yake walikuja wanawake wengine, kila mmoja na mzigo wake. Ugali mwingine ulipikwa nyumba kwa nyumba, kwenye majiko ya udongo uliyowafundisha kujenga, ukaletwa umefunikwa. Mabua yanaisha upesi, unajua, yanataka mtu akae pale pale achochee. Mama Holo alikaa pale pale. Hakurudi kwake mpaka matanga yalipokwisha.

Nilipokwenda kumwomba radhi alinishangaa.

"Mama yako aliponinyima kuni, jioni yake alikuja na mabua kichwani. Akachochea moto wangu mpaka macho yakavimba. Hakukwambia?"

Hukuniambia. Wakati huo nilikuwa bado nimeolewa Maswa. Nilipokuja kukuona ulikuwa unafuta macho kwa khanga, unasema yanawasha tu. Mimi nilidhani ni uzee. Nilikununulia dawa ya macho, mayu, ukaipokea kwa mikono miwili, ukashukuru.

Huku mambo yanabadilika. Msimu huu wanunuzi wa pamba ni wengi, kila kampuni na mzani wake, si chama cha ushirika peke yake tena. Magari yanapita hovyo. Mwezi uliopita alikuja tajiri mmoja wa mkaa na lori, anataka ngitili, anasema sasa ni biashara huria. Mama Holo akamshika mkono, akampeleka kwenye ule mti wenye alama moja ya shoka. "Huu tulimnyima mwenyewe siku anazikwa. Wewe ni nani?" Tajiri akapanda lori lake.

Ile alama nilimtumia baba mkubwa kuipiga, lakini ni yangu. Nakwenda kuitazama. Gome limeanza kuifunika.

Basi pumzika, mayu, na macho yako yapumzike. Shoka nimelirudisha mvunguni. Na juzi, tulipong'oa mabua, nilifunga mzigo mmoja nikauweka pembeni, darini, mvua isiufikie. Si wa jikoni kwangu. Sijui ni wa msiba wa nani, na siombi siku hiyo ije. Lakini ikija nitaubeba mwenyewe, nikae pale pale, nichochee.

Mwanao,
Kabula