Chuma Alichokifunga Profesa Kwenye Injini

Chumba cha kushonea,
Uani, nyumba ya wazazi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zangu, ambazo ni nyingi kuliko anavyostahili mtu asiyeandika. U hali gani huko? Kifua kimepona? Mara ya mwisho nilikusikia ukikohoa kwenye simu kama mtu aliyemeza unga mkavu. Vaa soksi, usijitie ujana.

Sisi hatujambo. Goti langu linauma asubuhi, likipata moto linaacha. Mama anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo ni mzima kabisa.

Binti yako, uliyeniachia tangu mama yake afariki, ni mzima wa mwili. Habari zake nyingine ndizo zilizonikalisha chini kuandika. Ningekupigia, lakini kwenye simu unanikatiza kwa vicheko. Barua hii nitaipiga picha nikutumie, maana kwa posta ingekufikia mambo yamekwisha haribika.

Nikukumbushe kwanza, maana kusahau ni kawaida yako. Ile maabara ya kupima damu imemwekea binti yako kazi ya udereva. Wanataka alete leseni kabla ya mwezi kwisha, asipoileta nafasi anapewa mwingine. Na kwa kuwa kaka yako, Profesa wetu, ana shule ya udereva, tukasema mtoto atajifunzia nyumbani. Shule yenyewe unaijua: gari moja, mwalimu mmoja, na kibao kikubwa kuliko gari.

Gari lilikuwa na ugonjwa wake. Raba zinazoikalisha injini zimekwisha, basi mwanafunzi akiachia klachi kwa pupa injini inainuka upande mmoja na gari zima linaruka. Fundi yeyote angemwambia anunue raba mpya. Lakini kununua raba ni mambo ya watu wa kawaida, Profesa ni lazima avumbue.

Hapo ndipo ulipoingia wewe. Ni wewe uliyemtumia ile video ya kijana aliyeifunga injini kwa mkono wa chuma ili isichezecheze. Tena injini ya gari la mashindano! Letu hili hata baiskeli hulipita na kuliaga.

Basi siku moja nimekwenda sokoni, bwana mkubwa akaingia chumbani kwangu akaukata mguu wa meza ninayokatia nguo, eti bomba lake ni zito na halipindi. Nilirudi nikakuta meza imepiga magoti. Akachomelea kipande cha chuma bapa kila mwisho, akatoboa matundu, tundu moja likaenda kombo, akalichonga kwa tupa mpaka kidole gumba kinapita. Mwisho mmoja akaufunga kwenye injini, mwingine kwenye bodi karibu na shokapu, chuma kwa chuma, bila hata kipande cha mpira katikati. Kisha akakipaka rangi nyekundu, maana kwa Profesa kitu kikishapakwa nyekundu kimetoka kiwandani.

Injini ilitulia, kweli. Hilo simnyimi. Ila mtetemo wote uliokuwa ukimezwa na zile raba uliingia kwenye bodi, na kutoka kwenye bodi ukaingia kwa watu. Nilipanda mara moja tu, nikanunue vifungo. Kioo cha kutazamia nyuma kilitetemeka mpaka pikipiki moja naiona mbili, na meno yangu yakawa yanagongana ilhali nimefunga mdomo. Nikamwambia gari lina homa.

"Dada, hiyo ndiyo nguvu," akanijibu. "Zamani ilikuwa inapotea bure."

Nguvu! Ya kwenda wapi?

Ili kuificha homa hiyo, akapandisha mzunguko wa injini. Sasa inanguruma kwa juu hata kama hakuna aliyekanyaga mafuta, na ikinguruma hivyo mtetemo unapungua kidogo. Akapiga picha akakutumia, nawe bila haya ukamjibu kwamba hiyo ni kazi ya mhandisi. Maneno yako nimeyasoma, mtaa mzima umeyasoma, maana anatembea nayo. Ulimvika kilemba cha ukoka na tangu siku hiyo hajakivua. Mwanafunzi mpya akija anafunguliwa boneti kabla hajaonyeshwa usukani.

Binti yako alijifunzia gari hilo, nalo likawa linamsamehe kila kosa. Aachie klachi taratibu au kwa pupa, akanyage mafuta au asikanyage, linaondoka tu. Profesa akatangaza kwamba mtoto ana kipaji, amekitoa kwa baba yake. Mimi nilikuwa na pini mdomoni.

Siku ya mtihani wakampa gari la watahini, zima, linalonong'ona tu likisimama. Akaachia klachi kama alivyozoea. Likaruka, likazimika. Akawasha, likazimika tena. Halafu likamfia kwenye kilima, nyuma yake foleni ya magari inampigia honi. Mtahini wala hakumfokea.

"Binti, wewe umejifunzia gari gani?" alimwuliza.

Hakujibu, kwa sababu angejibu angemtaja baba yake mkubwa. Akaandikiwa kurudia.

Wanafunzi wenzake wote waliopelekwa siku ile walishindwa vilevile. Unadhani Profesa alijiuliza? Alisema gari la watahini ni bovu, nalo linahitaji kufungwa chuma. Alitaka hata kwenda kuwafungia. Jamani, tumbo lililomzaa mtu huyu ndilo lililonizaa mimi?

Nilimwambia akitoe. Akakaza shingo. "Hakitoki mpaka mdogo wangu aseme. Yeye anajua magari, wewe jua mikono ya mashati." Nikamshauri binti ahamie shule nyingine, naye hataki, anaona atamwaibisha baba yake mkubwa mbele za watu. Mtihani wa marudio ni Alhamisi. Akishindwa huo, ile kazi tumeisahau.

Sasa nikwambie nililoapa kutokwambia. Siku ile aliporudi alijitupa juu ya rundo la nguo za wateja, akalia mpaka nikaogopa. Alipotulia aliniomba kitu kimoja tu. "Shangazi, baba asijue. Amefurahi mno kwamba kile chuma kimefanya kazi."

Umesikia? Wewe na kaka yako mna wiki nzima nzima za kuandikiana habari za bomba na nati, na mtoto huyu huna hata dakika ya kumwuliza amekula nini. Hata hivyo ni yeye anayekuonea huruma wewe. Nawadharau nyote wawili, na nasema hivyo nikiwapenda.

Mpigie Profesa leo hii. Mwambie akifungue, ashushe mzunguko wa injini, anunue raba. Wewe anakusikiliza, sababu siijui. Ukimaliza naye usikate simu, mwambie akupe mwanao.

Mama anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Wasalimie wenzako wa kazini huko ghalani, hasa yule mpishi anayekuonea imani. Profesa angekusalimu, ila kichwa chake kimo ndani ya boneti. Binti yako hakusalimu kwa sababu hajui kwamba nakuandikia. Amekaa hapa mbele yangu kwenye cherehani, ameutoa mkanda, mguu wa kushoto uko juu ya kanyagio. Analibana mpaka chini kama klachi, analiachia polepole, polepole, kisha anaanza upya.

Mungu akupe afya huko uliko, na akuongezee haya.

Dada yako akupendaye, hata leo.