Wimbo wa Mbuzi Uliomchekesha Bhoke

Jumanne, wiki ya Krismasi.

Mimi niliyemfukuza fisi kwa rungu, leo nimeshindwa na wimbo wa mbuzi.

Tulienda Tarime na mke wangu Bhoke kununua mchele wa sikukuu; mbuzi wa kuchinja tunaye nyumbani. Tangu tumzike binti yetu hajacheka. Nilianza kuogopa.

Dukani spika inaimba, mbuzi analia meee, anaomba asichinjwe Krismasi. Nikasema huu ni upuuzi. Kugeuka, Bhoke amekalia gunia, anacheka mpaka machozi.

“Rudia,” nikamwambia mwenye duka.

“Mzee, si umesema upuuzi?”

“Rudia!”

Akarudia. Nilisimama tu namwangalia mke wangu. Ule wimbo una nini, sijui.

Njiani akasema, “Baba Chacha, mbuzi wetu tusimchinje.”

Mimi sibishani nikashindwa. Lakini Krismasi hii tunakula maharage.