Reli ya Waingereza, Iliyojengwa Mawaleh

Jumanne, 2 Machi 2004

Ukuta wa mawe wa stesheni ya tatu bado. Nimeupaka rangi upya na bado unafanana na keki. Mawe ya kule hayana rangi moja. Yana kijivu, yana kahawia, na weusi wa moshi upande wa reli tu. Wapumbavu wote wanaotengeneza njia za treni kwa ajili ya mchezo huu wa kompyuta hupaka weusi pande zote mbili. Huo moshi unazunguka nyuma ya ukuta kumsalimia nani?

Mama kanyanyua simu kumpigia Bi Moza, wifi yake. Intaneti yangu, inayopita waya huo huo, ikakatika. Picha ya daraja ilikuwa imefunguka nusu. Nikaanza tena kutoka mwanzo. Wakati huo wao wanazungumzia bei ya samaki.

Jumatano, 10 Machi

Kazini mchana kutwa na madai ya bima. Watu wanagonga ngamia halafu wanamlaumu ngamia. Bosi kaniuliza jioni nafanya nini nikifika nyumbani, mtu asiye na mume wala watoto. Nikamwambia napumzika. Nikimwambia kwamba najenga reli ya mvuke iliyokuwa karibu na mpaka wa Wales, ikafungwa na kung'olewa kabla sijaanza shule, atanipeleka kwa daktari.

Kule Uingereza kuna kikundi cha wazee wa intaneti wanaotoa CD ya njia za zamani, zilizojengwa upya kwa ajili ya mchezo huu. Wanachukua njia chache tu. Mkubwa wao anajiita kwa jina la filimbi, kwa hiyo humu ndani ni Bwana Filimbi. Anasahihisha kila mtu. Mikono ya ishara za reli haikuwa mirefu hivyo. Makaa ya kusini hayang'ai hivyo. Anazijua treni, hilo siwezi kumnyima. Lakini anaandika kama mtu ambaye hajawahi kukatizwa maneno.

Nataka njia yangu iingie kwenye CD yao, na jina langu liwe juu ya njia. Sitaki kingine. Nimeandika hapa ili nisijidanganye baadaye.

Ijumaa, 19 Machi

Seif kaja kula chakula cha mchana na mkewe. Mdogo wangu huyu ana duka la jumla la mboga sokoni na anajiona waziri. Kasimama nyuma ya kiti changu akitafuna. Kasema Oman nzima haina reli hata moja, na dada yake anaendesha treni ya Waingereza waliokufa. Mkewe akacheka kwa adabu. Mke wake hucheka kila anapocheka yeye, hata kama hajasikia.

Lakini nilihitaji kamera yake ya dijitali, kwa hiyo nikaiazima kwa ulimi mtamu. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli kuna kamba za kuanikia nguo. Zinaonekana kwenye picha za zamani. Nilipanda juu ya paa, nikapiga picha nguo zetu. Shuka, fulana za zamani za marehemu baba, kanga moja ya Mama. Shuka nimezififisha zikawa za Kiingereza kabisa. Kanga nimeiacha. Kutoka dirishani mwa treni ni doa la rangi tu.

Jumapili, 28 Machi

Imekwisha. Naandika tena ili nilione neno lenyewe. Imekwisha.

Nimetengeneza na safari ya maonyesho. Jumapili asubuhi, miaka ya hamsini. Treni ya maziwa, treni ya wanafunzi, mabehewa ya makaa yanasubiri pembeni, nguo zimeanikwa, moshi kila dohani. Nimeichagua Jumapili kwa sababu jua la siku ile lilikaa vizuri ukutani. Kila kitu kwa Bwana Filimbi, faili zote, usiku huu. Nimemwomba Mama asiguse simu. Kakasirika. Akasema bora ningekuwa mvuta sigara, angalau angejua la kuniambia.

Jumanne, 30 Machi

Jibu.

Kasema ni njia bora kuliko zote alizoletewa. Kasema ukuta umemtoa machozi. Halafu kasema hivi. Njia ile Jumapili ilikuwa imelala. Hakuna treni, hakuna maziwa, hakuna mwanafunzi. Hakuna mke wa mfanyakazi wa reli ambaye angethubutu kuanika nguo Jumapili mbele ya majirani wanaokwenda kanisani. Mtu aliyeishi kule hata siku moja asingekosea hivyo. Kauliza mimi ni nani.

Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto. Wiki yangu inaanza Jumamosi. Jumapili niko ofisini. Najua kwamba wanasali siku hiyo, nilidhani wanasali kisha wanaendelea na mambo yao, kama sisi Ijumaa. Miaka miwili nimehesabu matofali ya madohani ya watu, na sikujua wanapumzika vipi.

Nimejichukia leo. Nimemchukia na yeye kwa kuwa na haki.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimemjibu. Sikuwahi kudanganya kule barazani kwao, kwenye intaneti. Niliweka herufi mbili za jina langu na wao wakajitengenezea mzee mwenye kofia na mbwa. Nimemwambia mimi ni mwanamke, niko Mawaleh, Maskati, nafanya kazi ya bima, Uingereza sijafika. Nimemwambia nitabadilisha siku. Jumatatu, basi.

Jumamosi, 10 Aprili

Sasa ana adabu. Mwanzoni alikuwa ananigombeza kama mtu. Sasa ananiandikia kama mtu anayezungumza na mtoto wa mgeni. Ameshangazwa na bidii yangu. Amefurahi sana kuona mapenzi haya yamefika mbali hivyo.

Halafu la maana. Wanunuzi wanataka kuamini kwamba njia imejengwa na mtu anayeifahamu nchi. Kwa hiyo itatoka kwa jina lake yeye, na mimi nitatajwa ndani, mahali pa shukrani, pamoja na waliompa ramani.

Jumapili, 11 Aprili

Nimemjibu hapana. Neno hilo tu na jina langu kamili chini yake.

Jumatano, 21 Aprili

Kimya. Seif kasema niwaachie tu, jina halijazi tumbo. Yeye jina lake limeandikwa kwenye ubao juu ya duka kwa Kiarabu na Kiingereza, na taa inalimulika hata mchana. Nimemkumbusha. Kaondoka bila kumaliza chai.

Jumapili, 16 Mei

Imetoka. Wametangaza barazani. Njia yangu, picha ya ukuta wangu juu ya kasha, na chini yake jina la Bwana Filimbi. Mahali pa shukrani wameandika "rafiki yetu wa Uarabuni". Hata zile herufi mbili hawakuziweka.

Kaigeuza Jumapili kuwa Jumatatu. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Watu wanampongeza kwa jicho lake. Mmoja kasema inaonekana wazi kwamba mtengenezaji amekua pale.

Nilikwenda jikoni nikakuna nazi mbili ambazo hakuna aliyezihitaji. Nilitaka Mama aulize kitu.

Jumanne, 18 Mei

Mmoja wa wanunuzi, asiye na kazi Mungu ambariki, kashuka kwenye treni. Mchezo unaruhusu. Unaiacha treni, kamera inatembea popote. Kazunguka nyuma ya nyumba za wafanyakazi akaikuta kamba ya nguo. Kaikaribia. Kapiga picha skrini yake na kaituma barazani.

Kanga ya Mama. Nyekundu na nyeusi, mji wake na pindo lake, na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini, herufi kubwa, linasomeka lote. Anauliza kwa heshima hii ni nguo gani, na maneno haya ni ya lugha gani, katika kijiji cha Kiingereza cha miaka ya hamsini.

Niliusahau kabisa muujiza huu wa kushuka. Mimi, mtu wa kuwacheka watu kwa weusi wa ukuta.

Jumatano, 19 Mei

Bwana Filimbi kajibu.

Kasema ni kitambaa cha meza, kazi ya mikono ya wanawake wa kule mpakani, na maneno ni Kiwelsh.

Nimesoma mara nyingi. Kiwelsh! Kanga ambayo Mama aliinunua Darajani kwa ajili ya kumsema Bi Moza, na kuivaa mbele yake kwenye harusi ya Seif ili ujumbe ufike. Watu wanamshukuru. Mmoja kasema bibi yake alikuwa na kitambaa kama hicho.

Nimecheka peke yangu chumbani mpaka Mama kaja kugonga mlango. Halafu hasira ikarudi yote. Ni mwongo huyu. Nilikuwa namdharau kwa majivuno tu, kumbe nilikuwa nampunguzia.

Ijumaa, 21 Mei

Nimemwonyesha Mama. Hajawahi kukaa kwenye kile kiti. Nimemweleza kila kitu pole pole, kwamba reli ni yangu, mzee mmoja kaitia jina lake, na kanga yake ndiyo shahidi. Nilidhani atasema niache upuuzi. Kaiangalia skrini muda mrefu. Kauliza kwa nini nyumba zote zile hazina mtu hata mmoja nje. Nikamwambia watu ni vigumu kutengeneza. Kasema, "Naona."

Nilitaka picha yake amejitanda ile kanga, paani, mchana kweupe, wamwone. Hapo akanigeukia.

"Sura yangu haiendi kuangaliwa na wanaume nisiowajua. Kanga chukua."

Akaivua mabegani, akapanda ngazi mwenyewe na magoti yale yanayomuuma, akaianika. Kwenye pembe kuna tundu. Chetezo kilianguka siku ya hitima ya baba, kaa likaiunguza. Tundu hilo hilo liko kwenye skrini, kamba ile ya Waingereza, pembe ile ile. Mama kalinyoosha pindo ili lionekane.

"Na jina lisomeke vizuri. Moza ana wajukuu huko Uingereza."

Jumapili, 23 Mei

Nimeweka picha mbili barazani. Kanga yao na kanga yetu, tundu na tundu. Nyuma ya yetu yanaonekana matangi ya maji ya majirani, madishi ya televisheni, na mlima usio na jani. Nimeandika kwamba lugha ni Kiswahili na kitambaa si cha meza. Nimeandika nani kaipiga picha hii kanga, na kwamba huyo ndiye aliyeijenga njia, na nikataja hata kosa la Jumapili, kwa sababu Bwana Filimbi asingeweza kulifanya. Maneno ya kanga sikuyatafsiri. Yanamhusu Bi Moza.

Nikishindwa leo, njia hii ni yake mpaka nife.

Jumatatu, 24 Mei

Bado hajajibu. Wengine wamejibu. Yule aliyekuwa na bibi mwenye kitambaa kafuta maneno yake.

Mmoja kanitukana. Kasema watu wetu wangoje wawe na reli zao kwanza. Sikujua kwamba ningeumia. Nimeumia.

Jumatatu, 7 Juni

Bwana Filimbi kaniandikia mwenyewe, si barazani. Hakuomba radhi. Mtu wa namna ile akiomba radhi atavunjika mbavu. Kasema kumetokea kutoelewana. Kasema yeye ni mgonjwa, mkewe ndiye anayemchapia sasa, na CD itatolewa upya. Anaomba nimwandikie jina langu kama ninavyotaka lisomeke, na mji.

Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Sikufurahi sana. Nilimwona akilini mke huyo anachapa maneno ya kiburi ya mumewe, neno kwa neno, na labda chai imepoa. Nikaghadhibika kwamba hata furaha hii wameniharibia.

Nimeandika Zuwena binti Khalfan, Mawaleh, Maskati. Nikasoma kila herufi kabla ya kutuma. Kisha nimelia, na hakuna la maana la kulilia, ni jina tu.

Alhamisi, 1 Julai

Joto. Hakuna kazi leo. Seif kaleta barua kutoka sanduku la posta, na ndani yake CD. Jina liko juu ya kasha, halikukosewa.

Nilitaka kuiweka chumbani kwangu. Mama kaichukua. Kaiweka kwenye kabati la vioo sebuleni, katikati ya vikombe vya wageni, jina linaangalia nje.

Bi Moza kaja baada ya laasiri. Kakaa, kapewa halua, kaiona. Mama kamwambia mtoto wake kajenga reli Uingereza. Bi Moza kanigeukia, kanitazama kama ananiona mara ya kwanza, halafu kauliza kama hizo treni zinakwenda mpaka leo.

Mama kasema zinakwenda kila siku.

Nilimwongezea Bi Moza kahawa. Mama sikumsahihisha.