Kadi Zako Zinarudi Boma kwa Boma

Wamekubali, Akinyi! Kadi za wagonjwa zinarudi kwenye droo kama ulivyozipanga wewe, boma kwa boma. Daktari mwenyewe ametangaza pale hospitali, na mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Nikasimama, watu waone mimi ni mama wa nani.

Nyathina, mwanangu, sasa ndiyo nakusalimu. Hapa nyumbani tunapumua tu. Tangu homa ile ikuchukue sijamaliza sahani ya ugali. Lakini mkono bado unaandika. Darasa la nne la zamani halikuwa mchezo, muulize yeyote hapa Homa Bay.

Ulipotutoka wakaleta karani mpya. Mpole, shati jeupe, mgeni wa huku kwetu. Akapanga kadi kwa majina ya ubatizo, kama alivyofundishwa. Haya, Maria wote droo moja! Petro wote droo moja! Vile vibao vyako vya majina ya maboma akavitupa. Nani angemwambia kwamba huku mtu hubatizwa Maria, nyumbani anaitwa Atieno, na akiugua anajitaja kwa jina la mume? Wewe ulikuwa unauliza kwanza, "Umetoka kwa nani?" Hata yule mama mzee wa Mfangano aliyesahau jina lake la kanisani, kadi yake uliipata kabla hajaketi.

Basi mimi nikaenda na kikohozi changu. Nesi akafungua kadi, akaniuliza, "Mama Rebeka, mtoto anacheza tumboni?" Nikamwambia, "Nesi, mimi si Sara wa Ibrahimu!" Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikatoka nikalia nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa nimetazama lile dirisha lako la kutolea kadi, na mle ndani hukuwamo.

Wiki hiyohiyo mzee mmoja wa Migori nusura adungwe sindano ya Petro mwingine. Hapo daktari akasema basi.

Kazi hiyo ya kupanga hukuifuata mbali. Ulianzia kwenye samaki wangu, soko la Kendu Bay, hata meno ya mbele hayajaota: ngege huku, kambare kule, omena peke yao. Nikichanganya unanikaripia, "Mama, umeniharibia!" Nilijisifu kwa ajili yako hadi wenzangu sokoni wakanichoka. Na bado najisifu. Wachoke tu.

Lakini kuna jambo linaniuma, Akinyi. Wazee walikuzika nje ya ua, kwa kuwa ulikufa hujaolewa. Mila ni mila, sikubishana nao. Ila kila asubuhi nikifagia, nikifika kwenye ua mkono unagoma. Mimi huku, wewe kule. Mtoto wangu, kule nje kama mpita njia…

Jana karani alikuja hapa nyumbani kuniuliza kadi yako aiweke wapi. Alitaka kuitia kwenye sanduku la marehemu, huko stoo. Nikamwambia, "Baba, kwa mpango wa mtoto wangu, mtu aliyekufa hakuhamishwa. Alikatwa kadi pembe moja, akabaki na watu wa boma lake." Nikamwongezea chai. Kisha akasema, "Basi mama, njoo uiweke mwenyewe."

Nitaiweka, mwanangu. Katikati ya kadi ya baba yako na yangu, chini ya jina la boma letu. Hapo hakuna mzee wa kukutoa nje. Na siku yangu ikifika, nami nitakatwa pembe, nikukute hapohapo.

Lala sasa, nyathina. Lala, mama yangu. Kwa sababu vibao vilitupwa, kila boma limeambiwa lije hospitali litambue kadi zake: wa Kendu Bay, wa Migori, hata wa visiwani. Mimi nitavaa gauni la bluu na kufika mbele yao. Ni Alhamisi hii, asubuhi, watu wote.